Ndago Kwenye Nyumba ya Vioo

Jumapili, 3 Machi

Nimefika. Miguu imevimba, masikio yameziba, lakini nimefika! Mwanangu alinipokea na jaketi mkononi, akanivalisha mbele za watu, akanifunga zipu mpaka kidevuni kana kwamba yeye ndiye aliyenizaa. Anakaa ghorofa ya sita. Lifti ina kioo ndani — nimejiona, nimefanana na godoro lililofungwa kamba.

Chumba changu ni kile anachopigia pasi. Kitanda cha kukunja, dirisha moja, na chini ya dirisha hita ya chuma yenye mbavu mbavu. Inachoma kweli. Nimeambiwa nisianike juu yake kitu chochote cha nailoni.

Nina wiki mbili. Jumamosi ya tarehe kumi na sita narudi kwangu. Kitalu nimemwachia mdogo wangu — miche elfu tatu na ushee, mingine ndio kwanza inatoa jani la pili. Nimempigia kumwambia nimefika salama. Akasema huku pia salama, ila ndago zimerudi tena pale chini ya bomba. Sijamaliza hata siku, zimeshajua sipo. Miaka thelathini nauza miche, na miaka thelathini napigana na gugu lile lile. Nikamwambia achimbe mpaka kikokwa cha mwisho kule mizizini, asikate juu juu kama kinyozi. Akasema dada, lala.

Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu yuko maabara ya hospitali, anatoka saa moja asubuhi, anarudi jioni. Aliogopa nitashinda ndani nikihesabu vigae, kwa hiyo amenikatia tiketi ya wiki mbili ya bustani ya mimea. Mtaa wa pili tu. Masharti akanipa mlangoni: usiende mbali, usiongeleshe kila mtu, usiguse vitu. Nikamwambia nimekulea wewe. Akasema ndiyo maana anasema.

Nje ya bustani hakuna cha maana. Baridi inauma, miti imesimama uchi, ardhi imekakamaa. Nikaanza kumsikitikia mwanangu na tiketi yake. Halafu nikasukuma mlango wa nyumba ya vioo.

Joto. Harufu ya udongo uliolowa. Miwani ikapata ukungu papo hapo, nikasimama pale sioni kitu, nacheka peke yangu. Mzee mmoja alinipita kwa mbali kidogo.

Sasa nianzie wapi? Kuna mmea una vikombe vyenye vifuniko, nzi akiingia hatoki — unakula nyama! Kuna mwingine umening'inia kwenye waya, hauna udongo hata chembe, unaishi kwa hewa. Nimeuzunguka mara tatu nikitafuta wameuficha wapi mfuko wake. Mimi nauza mboji kwa ndoo. Wateja nikirudi nitawaambia nini? Kuna jani linaelea kwenye bwawa, upana wake meza ya watu sita, na kingo zake zimekunjwa juu kama sinia. Kuna dungusi limeota mvi, nywele ndefu nyeupe mpaka chini. Nimeliamkia. Sikuona namna nyingine.

Lakini kiboko ni vile vijiwe. Sanduku la changarawe, nikadhani wamesahau kupanda. Nikainama. Kokoto moja ina ua. Kumbe nusu ya yale mawe ni mimea, imejifanya mawe ili isiliwe. Nikakaa kwenye benchi nikapangusa macho kwa kicheko. Mtu mzima mimi, nimedanganywa na mche.

Sikugusa kitu. Mikono niliitia mifukoni tangu nilipoingia mpaka nilipotoka, jaketi limetanuka.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata rafiki. Ni mtunza bustani wa ile nyumba ya vioo, mwanamke wa makamo, suruali yake ina viraka vya ngozi magotini na penseli ameichomeka kwenye nywele. Nimempa jina la Mama Penseli. Aliniona nimeinamia ule mmea wa vikombe, akaja na nzi mfu kwenye koleo dogo, akanipa niulishe. Lugha yao niliisoma shuleni na imebaki vipande vipande, lakini anaongea taratibu, na mambo ya mimea nusu yake ni mikono. Nikamwambia nina kitalu. Hakuamini. Nikamwonyesha vidole. Akanionyesha vyake. Kucha zetu ni zile zile, nyeusi kwenye kingo.

Basi akanikokota mpaka nyuma, wanakooteshea. Ana mbegu ambazo hazioti mpaka zifukizwe moshi! Zinasubiri moto upite porini, moto usipopita zinakaa tu miaka na miaka. Kwa hiyo amezitengenezea pipa, anawasha majani makavu, anazifukiza. Nimecheka, nimemuuliza maswali kumi na tano. Naye kanijibu yote, hakuangalia saa hata mara moja.

Akaitwa kwenye simu ya ofisini, nikabaki naranda. Na mimi nikalipa wema. Kwenye tuta la mwisho, karibu na ukuta, pembeni ya mmea wenye majani kama masikio ya tembo, nikaona — sikuamini — ndago. Ndago, huku! Shada zima limekaa kwa raha zake, limetoa na vichwa vyake vya kahawia. Najua mwanangu alisema nisiguse vitu, lakini ndago si kitu, ndago ni ajali. Nikatazama huku na huku. Nikapiga magoti, nikachomoa kibanio cha nywele, nikaingia kazini. Kuna chungu wamekizika pale ardhini, sijui cha nini, kumbe kimesaidia, mizizi haikwenda mbali. Nimetoa vikokwa vyote saba, nikasawazisha udongo kwa kiganja. Ungeapa kwamba hapajawahi kuota kitu. Vikokwa nikavifunga kwenye leso nikatia mkobani, maana ukivitupa hapo karibu umevipanda upya.

Sasa viko juu ya hita, kwenye gazeti, vinakauka. Kwetu tunaviua hivyo hivyo, juu ya bati. Sikumwambia Mama Penseli, nisije nikaonekana najisifu.

Jumatano, 6 Machi

Sijui niandike vipi.

Nimefika saa nne. Mama Penseli yuko magotini kwenye lile tuta la mwisho, anachambua udongo kwa vidole. Mkono mmoja ameshika kibao kidogo cha chuma. Kilikuwa chini ya lile jani la masikio ya tembo, mimi sikukiona. Nikamuuliza kuna nini. Akasema mmea wake umepotea. Ni mmoja tu, hawana mwingine. Majani marefu membamba, vichwa vya kahawia, na chini ardhini vikokwa. Anaueleza kwa upole, kama anayeeleza mtoto alipotea amevaa nini. Vikokwa vyake vina harufu nzuri, akasema, kuna nchi wanatengenezea manukato na dawa ya tumbo. Chungu kilizikwa ili usitambae.

Nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Halafu akanimalizia. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na tano, ni ukaguzi. Mkuu wa bustani anapita na orodha, kibao kwa kibao, na kila kibao kiwe na mmea wake hai. Mama Penseli amechukuliwa kwa majaribio ya miezi sita na majaribio yanaisha siku hiyo hiyo. Januari alipoteza kangaga moja, kioo kilivunjika na baridi ikaingia. Wakamvumilia. Mmea wa pili hawatamvumilia.

Na mimi nikasema pole. Nimempa pole! Nikainama hata nikamsaidia kutafuta. Dakika kumi nzima natafuta kitu ambacho najua kiko juu ya hita ya mwanangu.

Nikakimbia. Miaka hamsini na tisa, jaketi wazi, barabarani. Lifti ikachelewa, nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne ndipo kifua kikaniambia basi. Vikokwa vinne vimekuwa vigumu kama karafuu. Vitatu vina uzito bado, kidogo. Nimevitia kwenye pamba yenye maji ndani ya kikombe. Nikanusa kimoja. Miaka thelathini sijawahi kukinusa, nani ananusa adui? Kina harufu kweli. Kama kabati la mtu anayetunza nguo zake. Nimenusa tena na tena, nimeona haya.

Mwanangu aliporudi nikamweleza. Akakaa na viatu vyake. Akauliza kama nimekaa angani saa tisa ili nije nipalilie. Halafu akaanza kucheka, akashuka kwenye kiti, na mimi nikamfuata, tukawa wote wawili chini sakafuni hatuna mbavu. Miaka minne hatujacheka hivyo, tangu ahamie huku. Nikamkumbuka Mama Penseli, nikanyamaza.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia. Nilikuwa na hotuba, nimeifanyia mazoezi kwenye kioo cha lifti, lakini nilipomwona nikatoa tu kikombe mkobani nikakiweka mbele yake. Akatazama kikombe. Akanitazama. Nikamwonyesha kibanio, nikamwonyesha nilivyochimba. Maji yanadondoka mahali fulani.

Swali lake la kwanza: vyote saba ulivitoaje bila kukata mzizi hata mmoja? Jana yote amechuja ule udongo, hakukuta hata uzi wa mzizi. Nikamweleza — unazunguka kwanza, unaufuata uzi, huuvuti. Akatoa penseli kwenye nywele akaandika. Halafu akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati, nikaona machozi. Ana watoto wawili anaowalea peke yake. Kazi ya mimea ameitafuta miaka sita, alikuwa anasafisha mabasi. Nilitamani ardhi inimeze, lakini hata ardhi yenyewe nilikuwa nimeshaivuruga.

Nikauliza kwa nini tusilete ndago nyingine, mdogo wangu anaweza kutuma gunia na akashukuru. Akasema hapana. Huu una namba yake, na kwenye kitabu kumeandikwa ulichimbwa wapi na siku gani. Mwingine ni mwingine. Hawezi kudanganya kitabu.

Tumepanda vile vitatu, mle mle kwenye chungu kilichozikwa. Zimebaki siku nane. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mimi namjua huyu, hutokeza siku ya tano, ya sita, hata umfunike na zege. Nitakuja kila siku mlango ukifunguliwa. Nilimshika mkono nikamwambia hivyo, na nilikuwa naamini kabisa.

Ijumaa, 8 Machi

Hakuna kitu. Ni mapema.

Tumebishana kuhusu maji. Yeye anataka kunyunyizia mara tano kwa siku, kidogo kidogo, kama analisha kifaranga. Mimi nikasema mwagia mara moja uache. Ndago ukiibembeleza inadeka. Akasema kitabu kinasema. Nikasema kitabu hakijawahi kuzing'oa. Tumekubaliana mara mbili.

Baadaye, ili tusikae tunatazama udongo, akanionyesha mmea unaopunga mkono! Una vijani viwili vidogo kando ya jani kubwa, vinapanda na kushuka vyenyewe, unaviona kwa macho, na upepo hakuna. Nimeupungia. Ukanipungia. Tumeagana hivyo, mimi na mmea, mara nne, mpaka watu wakaanza kupiga picha na nadhani si za mmea.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimekwenda na mwanangu. Anakaa mtaa wa pili miaka minne hajawahi kuingia. Nikamtembeza mimi, mgeni ndiye mwenyeji. Alipofika kwenye vijiwe akanyoosha kidole akabonyeza kimoja. Nikamwambia: usiguse vitu. Alinitazama, sikucheka. Nilicheka baadaye.

Mama Penseli akaja, wakasalimiana. Mwanangu akamwomba radhi kwa niaba yangu, kwa lugha iliyonyooka, maneno mengi ambayo mimi sina. Mama Penseli akasema mama yako ana mikono mizuri. Hilo nililielewa lote. Tuta bado tupu.

Jumapili, 10 Machi

Bustani imefungwa. Nimepiga pasi kila kitu, mpaka taulo. Mpaka leso ile.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya nne. Udongo umelala kimya.

Nimempigia mdogo wangu. Nikamuuliza: ukitaka ndago iote haraka unafanyaje? Akasema rudia. Nikarudia. Nikasikia kishindo, simu imeanguka, na kicheko kinatokea mbali kama mtu yuko kisimani. Aliporudi akasema hajui, hakuna mtu duniani aliyewahi kuuliza. Kisha akafikiri. Akasema dada, zile za chini ya bomba, tunazikanyaga kila siku na kuzitukana. Jaribu hivyo.

Basi nimejaribu. Nimekanyaga kidogo pembeni ya chungu, kwa kisigino. Halafu nikainama nikaanza: wewe mwizi, wewe mlafi, umekula mbolea yangu miaka thelathini, umenipinda mgongo, na leo ninapokuhitaji unajifanya mgonjwa? Nyumbani unatoboa sakafu, hapa umewekewa joto na maji ya kuchujwa na huna hata aibu? Nilikuwa nimepandisha sauti. Nikageuka, nikakuta darasa zima la watoto na mwalimu wao wamesimama kimya. Mwalimu akamuuliza Mama Penseli jambo. Mama Penseli, uso mkavu, akajibu kwamba huyu ni mtaalamu kutoka nje.

Nimecheka mpaka nikashikilia ukuta. Nyumba hii ya vioo itaniua kwa raha, na hiyo ndiyo shida yangu: nasahau kwa nini nipo pale. Kisha naona tuta.

Jumanne, 12 Machi

Hakuna.

Jumatano, 13 Machi

Siku ya sita. Nilisema siku ya sita.

Tumeamua kufukua kimoja tuone, kile cha kushoto. Nikachimba mimi, taratibu, kwa kibanio. Kimelainika. Nikakibonyeza kikatoa maji ya kijivu. Kimeoza. Mama Penseli akakipokea akakiweka kwenye karatasi, akaandika tarehe juu yake kwa penseli. Ningependelea anigombeze.

Vimebaki viwili. Tumekubaliana hatuvigusi.

Amenipa chai kwenye kile chumba cha nyuma, kati ya magunia ya gome na mipira ya maji. Akaniuliza kwangu kukoje. Nikamchorea kitalu kwenye mgongo wa karatasi ya mbegu — safu, kivuli, bomba. Akauliza hapa kwenye bomba umechora nini. Nikasema ndago. Tukacheka kidogo.

Alhamisi, 14 Machi

Udongo ni ule ule. Nimeutazama mpaka nauona ukitembea.

Mchana Mama Penseli akaniita nyuma, akaniambia alivyoamua. Kesho atamwambia Mkuu kwamba mmea umemfia mikononi, basi. Mimi nisionekane. Nikamwambia si ulisema hudanganyi. Akasema hajadanganya: tuta ni lake, na saa ile hakuwepo, alikuwa kwenye simu. Akinitaja mimi itakuwa kesi. Mgeni ameharibu mmea wa bustani, jina litaandikwa, na mlango huu sitauingia tena. Na kazi yeye ataikosa vile vile. Sasa faida iko wapi, akauliza, tukose wote wawili?

Nikasema: ukisema umekufia, wataona hujui kazi. Ukisema umeng'olewa, wataona umeibiwa. Si sawa. Akasema wataona alikuwa kwenye simu. Kichwa kigumu, huyu mwanamke. Kama mimi.

Jioni nikamweleza mwanangu. Hakucheka. Akasema mama, keshokutwa unapanda ndege, nyamaza tu. Wakikuandika, mwakani ukiomba kuja watalikuta jina lako hapo. Nikasema kwa shada la ndago? Akasema hawa wanaandika kila kitu. Akaenda jikoni akafungulia maji, akayaacha yanamwagika hana anachoosha. Kutoka kule akasema: nimezoea kukuta taa inawaka nikirudi.

Nataka kuja tena. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma: nataka kuja tena kuliko kitu chochote. Nataka kukaa chini sakafuni na mwanangu tukose mbavu. Nataka kuona zile mbegu za moshi zikiota. Na nikifumba macho namwona yule mwanamke amekaa kwenye ndoo.

Ijumaa, 15 Machi

Saa tatu na nusu. Naandika hapa hapa, kwenye benchi la mbele ya tuta la mwisho. Mama Penseli amechana nywele, penseli ameitia mfukoni. Nusura nisimjue. Alinikuta mlangoni akasema si tuliongea. Nikamwambia tiketi yangu inaisha kesho, nina haki ya kutazama maua.

Kuna ufa! Tumeukuta asubuhi, kwenye udongo, upande wa kulia, mwembamba kama uzi wa cherehani. Mimi nasema ni ndago yenyewe inasukuma. Mama Penseli anasema udongo ukikauka unafanya hivyo. Tulipiga magoti wote wawili, tukagongana vichwa. Nikatoa kibanio nichokonoe kidogo tu, akanikamata mkono: ukiigusa ncha utaivunja. Ni kweli. Mwenyewe ningemwambia mtu hivyo hivyo. Kwa hiyo hatujui.

Saa nne. Mkuu ameingia na orodha. Mrefu, mpole, anamsalimia kila mtu, ana kikohozi. Nilitaka awe mkali ili nimchukie. Ameanza upande wa pili, bwawani. Anasoma kibao, anatazama mmea, anaweka alama. Mama Penseli yuko nyuma yake hatua mbili, mikono mgongoni.

Saa nne na robo. Mmea wa hewani, sawa. Dungusi la mvi, sawa.

Yuko kwenye vijiwe. Amekwama. Anahesabu, anarudia, anavua miwani. Naye hajui kipi jiwe! Mama Penseli anamwonyesha mmoja mmoja, kumi na nne, bila kusita hata mara moja, na jina la kila mmoja. Mkuu anatabasamu. Amemwambia jambo, nadhani amemsifu. Mama Penseli ameona haya, amekuwa kama msichana. Tazama anavyojua kazi. Tazama.

Nimeangalia ufa. Umetanuka? Sijui. Naomba uwe umetanuka.

Sasa wanakuja huku. Mbegu za moshi, sawa. Wa kupunga mkono, sawa. Mkuu ameupungia.

Wamefika. Niko hatua tatu kutoka kwao, najifanya nachora ua. Masikio ya tembo, sawa. Ameinama, ameinua jani. Anasoma kibao chetu. Anatazama udongo. Anatazama orodha. Anauliza mmea uko wapi.

Mama Penseli amevuta pumzi. Hakuonyesha ufa. Anasema ni kosa lake. Anasema alikuwa

Mwanangu aliniambia ninyamaze. Nimejaribu. Nimejaribu mistari miwili mizima.

Nimeinua mkono. Wa kulia, juu kabisa, kama darasani, kwa hiyo haya naandika kwa wa kushoto na mwandiko umekuwa wa kuku. Mkuu hajaniona. Mama Penseli ameniona, anatikisa kichwa, anataka niushushe. Siushushi. Nimekohoa. Mkuu anageuka